Vumbi la Nyasi Kavu na Pumu ya Farasi: Historia ya Jina, Sheria na Mazingira, 1698–2016

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna ugonjwa wa kupumua wa farasi, unaojulikana leo kama pumu ya farasi, ulivyoelezwa na wataalamu, wauzaji na watunga sheria wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuanzia mwaka 1698 hadi 2016. Hoja kuu ni kwamba watunzaji wa farasi walikwisha kuhusisha ugonjwa huo na nyasi kavu zamani sana, lakini majina ya kitaalamu na ya kisheria yaliyofuata yaliuhamishia ndani ya pafu la mnyama na kuutangaza kuwa hauponi. Matokeo yake, kisababishi kilichokuwa bandani hakikushughulikiwa ipasavyo kwa muda mrefu. Makala inafuatilia kurudi kwa hoja ya mazingira kupitia tafiti za mzio, ukungu na vumbi katika karne ya 20, kisha inaonesha mafunzo yake kwa sera za mifugo na afya kazini katika Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Farasi ni mnyama anayepumua kwa pua peke yake. Akiwa ametulia, hupitisha mapafuni takriban lita 60 za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa kasi kubwa, kiasi hicho huweza kuzidi lita 1,500. Mapafu yenye uwezo huo ndiyo yaliyomfanya awe nguvu ya jeshi, ya shamba na ya usafiri kwa karne nyingi. Uwezo huohuo unamaanisha kwamba chochote kinachoelea katika hewa ya banda lake huingia kifuani kwa wingi.

Pumu ya farasi huanza kwa dalili ndogo: kikohozi cha mara mojamoja wakati wa kula au wa kuanza kazi, makamasi puani, na uchovu usio na sababu ya wazi. Ikiwa kali, mnyama huhema hata akiwa amesimama. Pua hutanuka, na misuli ya tumbo hulazimika kusukuma hewa itoke, hata mstari wa misuli iliyonenepa ukajitokeza ubavuni. Aina hiyo kali huwapata zaidi farasi waliokwisha kukomaa, kwa kawaida wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Aina nyepesi huweza kumpata farasi wa umri wowote.

Swali la makala hii si la tiba peke yake. Ni swali la historia: ikiwa uhusiano kati ya nyasi kavu na ugonjwa huu ulionekana mapema, kwa nini ulichukua muda mrefu kuwa msingi wa kinga? Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba jina la ugonjwa huelekeza macho. Linapotaja pafu, wataalamu hulichunguza pafu. Linapotaja mazingira, hulichunguza banda.

2. Elimu ya bandani kabla ya maabara

Mwaka 1698 daktari Mwingereza John Floyer, aliyekuwa mgonjwa wa pumu yeye mwenyewe, alichapisha kitabu kuhusu ugonjwa huo. Ingawa aliandika kuhusu binadamu, alieleza pia upasuaji wa mzoga wa farasi jike aliyekuwa na kile Waingereza walichokiita “pumzi iliyovunjika”. Mapafu ya mnyama huyo yalikuwa yamevimba kwa hewa. Maelezo hayo yana umuhimu wa namna mbili. Kwanza, yaliunganisha maradhi ya mtu na ya farasi miaka zaidi ya 300 kabla ya jina la pumu kukubaliwa rasmi katika tiba ya farasi. Pili, yalianzisha desturi ya kulitafuta jibu ndani ya mzoga, mahali ambapo hatua ya mwisho ya ugonjwa huonekana vizuri kuliko chanzo chake.

Watunzaji wa farasi, kwa upande wao, walikuwa na elimu ya aina nyingine. Waliona kwamba kikohozi huzidi majira ya baridi, farasi anapofungiwa bandani na kulishwa nyasi kavu, na hupungua anapotolewa malishoni. Waliona pia kwamba nyasi zenye ukungu huleta madhara kuliko nyasi safi. William Youatt, katika kitabu chake kuhusu farasi kilichochapishwa mwaka 1831, alihusisha ugonjwa huo na ulishaji wa vyakula vikavu, vingi na hafifu, hasa kwa farasi wa mashambani. Maelezo yaliyotolewa wakati huo yalikuwa kwamba tumbo lililojaa hulibana pafu. Njia iliyofikiriwa haikuwa sahihi, lakini kidole kilikuwa kimeelekezwa mahali panapostahili: kwenye horini.

Hapa kuna funzo la kimbinu kwa mwanahistoria wa sayansi. Elimu ya wenyeji wa kazi inaweza kuwa sahihi kuhusu chanzo na isiwe sahihi kuhusu utaratibu. Wataalamu waliokuja baadaye waliikataa nadharia ya tumbo kwa haki, lakini katika kuikataa walidhoofisha pia uangalizi uliokuwa umeizaa.

3. Ugonjwa mbele ya sheria

Katika karne ya 19 farasi alikuwa mali ya thamani kubwa, na ugonjwa wake ulikuwa pia suala la mahakama. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 20 Mei 1838 iliorodhesha kasoro za siri ambazo zingempa mnunuzi haki ya kufuta mauzo. Miongoni mwake ulikuwamo ugonjwa huu, kwa jina la kienyeji la “pousse”, linaloeleza dalili inayoonekana, yaani mwenendo wa ubavu katika kuhema. Muda wa kudai ulikuwa siku 9. Sheria mpya ya tarehe 2 Agosti 1884 ililiondoa jina hilo na kuweka mahali pake emfisema ya mapafu, yaani kutanuka na kuharibika kwa vifuko vya hewa. Kilichotajwa na sheria hakikuwa tena dalili inayoonekana kwa macho, bali hali ya ndani ya pafu.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Amri ya kifalme ya tarehe 27 Machi 1899 iliutambua ugonjwa huu, kwa jina la “Dämpfigkeit”, kuwa mmoja wa kasoro kuu za farasi, kwa muda wa dhamana wa siku 14. Amri hiyo iliufafanua kuwa ugumu wa kupumua unaotokana na hali sugu na isiyoponyeka ya mapafu au ya moyo. Kanuni ya jumla ya mauzo ya wanyama iliongeza dhana muhimu: kasoro ikijitokeza ndani ya muda wa dhamana, ilichukuliwa kwamba ilikuwapo tangu wakati wa makabidhiano. Utaratibu huo maalumu wa kasoro za wanyama ulidumu hadi sheria ya madai ya Ujerumani ilipofanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2002.

Athari ya kanuni hizo inahitaji kufikiriwa kwa makini. Farasi mwenye mwelekeo wa ugonjwa huu huweza kuonekana mzima kabisa akiwa malishoni. Akinunuliwa na kufungiwa katika banda lenye nyasi zilizoota ukungu, dalili zaweza kuanza baada ya saa chache au siku chache. Sheria ingesema kwamba mnyama aliuzwa akiwa mgonjwa. Hukumu hiyo ilikuwa na ukweli, kwa kuwa mwelekeo ulikuwapo. Lakini haikuuliza lolote kuhusu banda la mnunuzi. Kwa upande mwingine, muuzaji mjanja aliweza kumweka mnyama kwenye majani mabichi kwa wiki kadhaa kabla ya soko na kumuuza akiwa hana kikohozi. Katika hali zote mbili, hewa ya banda ndiyo iliyoamua lini ugonjwa uonekane, nayo haikutajwa popote katika orodha ya kasoro.

Neno “isiyoponyeka” lilikuwa na uzito wa pekee. Farasi aliyeandikwa hivyo hupoteza thamani yake, na asiye na thamani huishia kuchinjwa au kufanyishwa kazi ya sulubu hadi mwisho wake. Ni wanyama wangapi waliofikia hatima hiyo ilhali wangeweza kuishi vizuri malishoni hakuna sheria iliyotaka ihesabiwe.

4. Kuzaliwa kwa hoja ya mzio

Mabadiliko yalianzia nje ya tiba ya mifugo. Mwaka 1873 Charles Blackley, daktari wa Manchester, alichapisha majaribio yaliyoonesha kwamba homa ya mafua ya majira ya kiangazi husababishwa na chavua za majani. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet alibuni neno ambalo kwa Kiswahili leo linaelezwa kwa “mzio”, kwa maana ya mwili kubadilika katika namna unavyoitikia kitu cha kigeni. Tangu hapo iliwezekana kusema kwamba kitu kisicho na madhara kwa wengi kinaweza kumwangamiza mmoja, bila kudai kwamba mmoja huyo alizaliwa na pafu bovu.

Mwaka 1932 daktari Campbell alieleza ugonjwa wa mapafu wa wakulima wa Westmorland, kaskazini mwa Uingereza, waliokuwa wakishughulikia nyasi zilizooza kwa ukungu baada ya msimu wa mvua. Mwaka 1963 Jack Pepys na wenzake walionesha kwamba chanzo kikuu cha mwitikio wa kinga katika “pafu la mkulima” ni bakteria wapendao joto wanaostawi katika nyasi zilizofungwa zikiwa na unyevu. Mtu na farasi walikuwa wakivuta vumbi lilelile katika jengo lilelile, ingawa miili yao iliitikia kwa njia tofauti.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kawaida lakini yenye nguvu. Mwaka 1964 Francis Lowell, mtaalamu wa mzio wa binadamu nchini Marekani, alichapisha uchunguzi wake wa farasi wagonjwa katika jarida la mzio. Aliuita ugonjwa huo hali inayofanana na pumu. Wanyama walipotolewa nje walipata nafuu; waliporudishwa kwenye nyasi kavu walianza kuhema upya. Hoja ya kutoponyeka ilikuwa imepata jibu: pafu lililokwisha kuharibika kabisa halifunguki na kufunga kwa kufuata mahali mnyama alipofungwa.

5. Kupima kilichomo hewani

Hata hivyo, katika miaka ya 1970 jina lililoenea katika vitabu vya tiba ya farasi lilikuwa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, lililoazimwa kutoka katika tiba ya binadamu. Kwa binadamu, jina hilo huambatana hasa na uvutaji wa sigara na uzibaji usiorudi nyuma kikamilifu. Kwa farasi, uzibaji ulikuwa ukirudi nyuma kwa kiasi kikubwa. Jina jipya lilikuwa la kisasa, lakini kwa mara nyingine lilielekeza macho kifuani.

Tafiti za wakati huo zilikuwa zikielekea upande mwingine. Mwaka 1979 McPherson na wenzake, mjini Edinburgh, walichapisha matokeo ya kuwavutisha farasi vichocheo vilivyotokana na ukungu wa Aspergillus fumigatus na bakteria wa nyasi zilizopata joto. Wagonjwa waliitikia kwa namna ambayo wazima hawakuitikia. Mwaka 1984 Thomson na McPherson walionesha kwamba kubadili malalo na chakula pekee kulirejesha utendaji wa mapafu ya wagonjwa. Dawa iliyotumika ilikuwa hewa safi.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan waliweka kipimo cha vumbi karibu na pua ya farasi badala ya kukitundika ukutani. Ilibainika kwamba vumbi katika eneo analovuta pumzi lilikuwa mara kadhaa zaidi ya lile la banda kwa jumla, kwa sababu farasi hutumbukiza pua ndani ya nyasi anapokula. Banda linaweza kuonekana lina hewa nzuri kwa mtu aliyesimama mlangoni, ilhali mnyama aliyeinamia hori anavuta wingu la spora. Chembe zenye kipenyo kisichozidi mikrometa 5 ndizo zinazofika ndani kabisa, na hizo hazionekani kwa macho.

Mwaka huohuo 1993 Seahorn na Beadle walieleza farasi 21 wa kusini mwa Marekani ambao hali yao ilikuwa kinyume cha ile iliyozoeleka: waliugua wakiwa malishoni, wakati wa joto na unyevu mwingi. Wagonjwa wa aina hiyo hupata nafuu wakiondolewa malishoni. Ushahidi huo uliwaonya wataalamu wasigeuze kanuni ya “mtoe nje” kuwa sheria isiyo na ubaguzi. Kinachohitajika ni kujua ni hewa ipi inayomdhuru mnyama yupi, na majira gani.

Utafiti ulionesha pia kwamba neno “mzio” lenyewe lina mipaka. Vipimo vya ngozi havikuwatenganisha vizuri wagonjwa na wazima, na dalili huchelewa kwa saa kadhaa badala ya kulipuka kwa dakika chache kama katika mzio wa kawaida. Mwaka 2003 Pirie na wenzake wa Edinburgh walionesha kwamba endotoksini, yaani sumu inayotokana na kuta za bakteria, na chembe za vumbi huongezeana nguvu katika kuleta uvimbe wa njia za hewa. Vilevile, tafiti za koo za farasi nchini Uswisi zilionesha kwamba watoto wa wazazi wenye ugonjwa huu wamo katika hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo urithi upo, na mzio upo kwa sehemu, lakini vyote viwili husubiri vumbi.

6. Kurudi kwa pumu

Mwaka 2000 wataalamu waliokutana Michigan walipendekeza kuachana na jina lililoazimwa na kutumia lingine lenye maana ya uzibaji wa njia za hewa unaojirudia. Neno “unaojirudia” lilikiri kwamba kuna vipindi vya nafuu. Mwaka 2016 tamko la pamoja la wataalamu wa tiba ya ndani ya wanyama, lililoongozwa na Laurent Couëtil, lilipendekeza jina la pumu ya farasi, lenye daraja nyepesi hadi ya kati, na daraja kali. Miaka 318 baada ya Floyer, jina la mtu na la farasi likawa moja.

Mabadiliko hayo yana matokeo katika vitendo. Dawa za steroidi na za kutanua njia za hewa zinaendelea kutumika na zina nafasi yake, lakini hazidumishi nafuu iwapo mnyama ataendelea kula nyasi zilezile. Hatua za msingi ni kupunguza vumbi: kulowesha nyasi au kuzipitisha katika mvuke, kutumia chakula cha punje zilizoshindiliwa au nyasi zilizochachushwa, kuacha malalo ya mabua, na kutohifadhi marobota juu ya mabanda.

7. Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Farasi ni wachache katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na mnyama wa jamii yake anayebeba mizigo ya wananchi ni punda. Punda hulazimishwa kukimbia kwa nadra, hivyo upungufu wa pumzi yake huonekana kwa kuchelewa. Lakini funzo kubwa la historia hii halihusu jamii ya farasi peke yake. Linahusu nyasi.

Wafugaji wa ng’ombe wa maziwa katika nyanda za juu za Kenya, Uganda na Tanzania huhifadhi nyasi kavu kwa ajili ya kiangazi. Nyasi zikifungwa kabla ya kukauka vizuri, yaani unyevu unapozidi takriban asilimia 20, hupata joto na kuota ukungu. Mvua isiyotarajiwa wakati wa kuvuna inatosha kuleta hali hiyo. Anayepakua robota lenye ukungu huvuta vumbi la aina ileile iliyowaumiza wakulima wa Westmorland.

Ukanda huu una uzoefu wa uchungu kuhusu unyevu ghalani. Mwaka 2004, nchini Kenya, sumukuvu katika mahindi ilileta mlipuko uliosababisha vifo 125, hasa Makueni na Kitui. Kiwango cha Afrika Mashariki cha unyevu wa juu kabisa wa mahindi, asilimia 13.5, kinatambua kwamba ukungu huzuiwa kabla ya kuhifadhi, si baada ya mtu kuugua. Mantiki hiyohiyo inaweza kuongezwa kwa nyasi, ambazo hatari yake hupitia puani badala ya tumboni.

Mapendekezo matatu yanatokana na mjadala huu. Kwanza, mafunzo ya ugani yajumuishe upimaji wa unyevu wa nyasi kabla ya kufungwa, pamoja na uhifadhi wake mbali na mahali wanyama wanapolala. Pili, kumbukumbu za kliniki za mifugo ziandike aina ya chakula, malalo na majira kila kikohozi sugu kinaporipotiwa. Bila taarifa hizo, ugonjwa utabaki ukielezwa kwa pafu peke yake. Tatu, maofisa wa mifugo na wa afya ya binadamu wachunguze banda kwa pamoja, kwa kuwa mnyama anayekohoa anaweza kuwa dalili ya kwanza ya hatari inayomkabili mlishaji wake.

8. Hitimisho

Historia ya pumu ya farasi inaonesha kwamba istilahi si pambo la sayansi. Emfisema ilimfanya mnyama aonekane ameharibika. Uzibaji sugu ulimfanya aonekane amezeeka. Pumu inamfanya aonekane ameitikia kitu, na hivyo inalazimisha swali la kitu gani. Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno “pumu”, ambalo msemaji wa kawaida hulihusisha papo hapo na vumbi, moshi na baridi. Watunga istilahi za tiba ya mifugo wana sababu nzuri ya kulitumia neno hilo badala ya kutafsiri majina ya zamani yaliyokwisha kuachwa. Atakayesikia kwamba punda au farasi wake ana pumu atajua, kabla ya kwenda kununua dawa, kwamba banda nalo linastahili kukaguliwa.